Mimba Ina Wiki Ngapi, na Baba Ni Nani?



Mwezi huu tunaacha kidogo habari za malaria na lishe, tuzungumze jambo ambalo watu hulisemea pembeni, kwenye baraza ya kliniki au baada ya Misa wakati wengine wameshaondoka. Ni hili: mwanamume ana mashaka kama mimba ya mkewe, au ya mchumba wake, ni yake kweli. Anatuuliza, "Sista, hakuna kipimo cha kujua sasa hivi, kabla mtoto hajazaliwa?" Wengine huuliza kwa upole, wengine kwa hasira. Akina mama nao huuliza, tena kwa sauti ya chini zaidi.

Jibu letu ni kwamba kipimo hicho kipo, lakini kwa karibu watu wote wa huku kwetu wakati wa mimba si wakati wake. Tena, kabla ya kufikiria kipimo chochote, kuna jambo moja dogo ambalo wengi hawajafundishwa, nalo ni namna ya kuhesabu umri wa mimba. Tumeona nyumba zikivunjika kwa sababu ya hesabu mbaya, wala si kwa sababu ya uzinzi.

1. Siku tisa zilizoleta ugomvi

Hatutaji jina la mtu wala la kijiji. Mume mmoja wa huku milimani alikuwa akifanya kazi ya kukata miwa Kilombero. Mvua za masika zilipokaribia na msimu wa miwa ukaisha, alirudi kwake tarehe 2 Machi. Baada ya muda mkewe akapata mimba, nao wote wawili wakafurahi. Tarehe 2 Mei walikwenda pamoja kliniki, jambo ambalo tunawasifu akina baba wanaolifanya. Muuguzi akampima mama, akaandika kwenye kadi: wiki 10.

Mume hakusema neno. Njiani kurudi alihesabu siku. Tangu arudi nyumbani zilikuwa zimepita siku 61. Wiki 10 ni siku 70. Kwa hesabu yake, mimba ilikuwa imemtangulia kufika nyumbani kwa siku tisa. Usiku ule ugomvi ukaanza. Mama alilia, akaapa, hakusadikiwa. Baada ya wiki moja akarudi kwa ndugu zake.

Huko aliona aibu kwenda kliniki peke yake, maana watu wangeuliza mume yuko wapi. Tulimwona tena mwezi wa saba wa mimba, akiwa ameletwa na mjomba wake. Miguu ilikuwa imevimba, viganja vya mikono ni vyeupe, anahema kwa kupanda ngazi tatu tu. Damu yake ilikuwa 6, wakati mama mjamzito anatakiwa kuwa na 11 au zaidi. Alikuwa amekosa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kinga ya malaria kwa miezi minne. Alilazwa, akaongezewa damu.

Tulimwomba mjomba amwite mume, naye akaja. Tukaketi mezani na punje za mahindi, kila punje ni wiki moja. Tulipomaliza kuhesabu, yule baba alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mama, mbona siku ile hamkuniambia hivi?" Lawama hiyo tuliipokea, maana ilikuwa haki yetu. Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

2. Hesabu ya mimba inaanzia wapi?

Siku ambayo mimba inatungwa haionekani kwa macho. Kwa hiyo, tangu zamani, waganga na wakunga duniani kote wanahesabu kuanzia siku inayoweza kukumbukwa: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Lakini siku hiyo mama bado hana mimba. Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28, yai hutoka karibu siku ya 14. Hapo ndipo mimba huweza kutungwa.

Maana yake ni kwamba wiki mbili za kwanza zilizoandikwa kwenye kadi si wiki za mimba yenyewe. Kadi ikisema wiki 10, mtoto ana wiki 8 hivi tangu kutungwa.

Sasa turudi kwa yule mama. Hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 21 Februari. Kutoka hapo hadi tarehe 2 Mei ni siku 70, yaani wiki 10 kamili. Muuguzi aliandika sawasawa. Lakini yai lake lilitoka karibu tarehe 7 Machi, na mume alikuwa amefika tarehe 2 Machi. Tulipoondoa punje mbili katika zile kumi, zilibaki nane, nazo ni siku 56. Yeye alikuwa amekaa nyumbani siku 61. Zile siku tisa zilizoleta ugomvi hazikuwapo.

Yafaa kukumbuka mambo mengine manne:

(a) Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Kwa hiyo siku ya tendo la ndoa na siku ya kutungwa mimba zinaweza kutofautiana.

(b) Si wanawake wote wenye mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu siku ya 21, na hesabu yote husogea.

(c) Kuna mama anayetokwa damu kidogo mwanzoni mwa mimba akadhani ni hedhi. Mwingine ananyonyesha, hajaona siku zake tangu ajifungue, na papo hapo anapata mimba nyingine. Hawa tarehe zao hupotea kabisa.

(d) Mtoto aliyekomaa huzaliwa kati ya wiki ya 37 na ya 42 kwa hesabu ya kadi. Wiki 37 za kadi ni siku 245 tu tangu kutungwa, yaani miezi minane hivi. Bwana arusi anayehesabu "miezi tisa kamili tangu siku ya ndoa" anaweza kumshuku mkewe bila sababu, wakati mtoto amekuja kwa wakati wake.

Akina mama wengi hutuambia hawakumbuki tarehe. Basi tunawauliza kwa njia nyingine: Ilikuwa kabla au baada ya Jumatano ya Majivu? Ilikuwa wakati wa kupanda mahindi ya masika? Mlikuwa mmeshavuna maharage? Weka alama kwenye kalenda ya parokia kila mwezi siku zako zinapoanza. Alama hiyo moja inaweza kukuokolea mengi.

3. Altrasaundi, sura na kundi la damu

Wengine hufikiri altrasaundi itamtaja baba. Sivyo. Altrasaundi hupima ukubwa wa mtoto na kukadiria umri wake, nao umri huo huandikwa kwa hesabu ileile ya hedhi ya mwisho. Ikipigwa kabla ya wiki ya 14, inaweza kukosea kwa siku 5 hadi 7. Ikipigwa baada ya wiki ya 28, inaweza kukosea kwa wiki 3 au zaidi, kwa sababu watoto hukua kwa mwendo tofauti kama miche katika kitalu kimoja. Baba anayeleta karatasi ya mwezi wa nane kuwa ushahidi wa siku tatu au nne anajidanganya.

Sura nayo si ushahidi. Mtoto mchanga huzaliwa na rangi ambayo hubadilika baada ya wiki kadhaa, na pua iliyobanwa wakati wa kuzaliwa hurudi baadaye. Anaweza kufanana na bibi ambaye hakuna aliye hai anayemkumbuka. Tunawaomba sana wakunga wenzetu na mashangazi wanaokuja kumtazama mtoto: mwache mzaha wa kusema "huyu hafanani na baba yake". Mzaha wa dakika moja huweza kukaa moyoni mwa mtu miaka ishirini.

Makundi ya damu yaligunduliwa na Karl Landsteiner mwaka 1901. Hayo yanaweza wakati mwingine kuonyesha kwamba fulani hawezi kuwa baba, lakini hayawezi kuthibitisha kwamba fulani ndiye. Kwa mfano, wazazi wawili wa kundi O huzaa watoto wa kundi O. Bali wazazi wawili wa kundi A wanaweza kuzaa mtoto wa kundi O, na mama wa A na baba wa B wanaweza kuzaa mtoto wa kundi lolote kati ya yale manne. Wengi wamesema "damu zetu hazilingani" bila kuijua kanuni hii. Tena vipimo hukosewa na majina hubadilishana. Matokeo yakishangaza, rudieni kupima kwanza.

4. Kipimo cha vinasaba kabla ya kuzaliwa

Vinasaba, ambavyo wengi huviita DNA, ni maagizo yaliyomo katika kila chembe hai ya mwili. Nusu mtoto anapata kwa mama na nusu kwa baba. Alec Jeffreys wa Leicester, Uingereza, aligundua mwaka 1984 namna ya kuvitumia kumtambua mtu. Mwaka uliofuata njia hiyo ilitumika katika shauri la kijana wa familia ya Ghana aliyezuiwa kuingia Uingereza. Kipimo kikathibitisha kwamba kweli ni mtoto wa mama yake, akaruhusiwa kukaa naye. Basi tangu mwanzo kipimo hiki kilimrudisha mtoto kwa mzazi.

Kwa mtoto aliye tumboni kuna njia tatu:

Ya kwanza ni kuchota chembe za kondo la nyuma, kati ya wiki ya 10 na ya 13 hivi. Ya pili ni kuingiza sindano tumboni na kuchota maji yanayomzunguka mtoto, kuanzia wiki ya 15. Njia hizi mbili ziliwekwa kwa ajili ya kutafuta magonjwa makubwa ya mtoto. Hata mikononi mwa bingwa zinaweza kuharibu mimba. Si mara nyingi, ni chini ya mimba 1 katika 100, lakini hatari ipo. Mama mwenye damu ya Rh hasi anaweza kuhitaji sindano ya kinga, na mama mwenye virusi vya UKIMWI ambavyo havijadhibitiwa na dawa anaweza kumwambukiza mtoto kwa sindano hiyo. Kumtia mtoto katika hatari hiyo ili watu wazima wamalize ubishi wao si haki.

Njia ya tatu ni mpya. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walitangaza kwamba vinasaba vya mtoto huelea ndani ya damu ya mama. Siku hizi maabara maalumu huchukua damu ya mama mkononi, na sampuli ya mwanamume, wakalinganisha. Haimgusi mtoto. Lakini ni kazi ya mitambo ya gharama kubwa, na hospitali za misheni kama zetu hazina. Jihadharini na wauza vipimo wanaoahidi majibu ya haraka kwa mkojo au kwa tone la damu. Hao wanauza wasiwasi wenu.

Kuhusu maadili, Kanisa halikatai uchunguzi wa mtoto tumboni. Hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987 inafundisha kwamba uchunguzi ni halali ukiheshimu uhai na mwili wa mtoto na mama, na ukielekea kumlinda au kumponya. Unakuwa kosa kubwa ukifanywa kwa nia ya kuitoa mimba kulingana na majibu. Basi mtu ajiulize kwa uaminifu: nikijua leo, nitafanya nini? Ikiwa jibu linamgusa mtoto kwa ubaya, hata swali lenyewe limeshaharibika.

5. Mtoto akishazaliwa

Mtoto akizaliwa, mambo ni rahisi. Hakuna sindano ya tumboni. Hupitishwa kijiti chenye pamba ndani ya shavu la mtoto, la mama na la mwanamume. Kama mwanamume si baba, kipimo humwondoa kwa uhakika. Kama ndiye, humthibitisha kwa kiwango kinachozidi asilimia 99. Ikiwa anayeshukiwa mwingine ni ndugu yake wa damu, ni lazima maabara iambiwe, maana vinasaba vya ndugu hukaribiana.

Hapa Tanzania kazi hii husimamiwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtu haendi tu mwenyewe na nywele za mtoto katika bahasha. Maombi hupitia kwa wanaotambuliwa na sheria, kama vile mahakama, polisi, ustawi wa jamii na mawakili. Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yenu. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Mtoto, ambayo inaipa mahakama uwezo wa kutamka nani ni mzazi na kuamuru kipimo cha kitabibu. Kwa hiyo dada aliyekataliwa asikate tamaa: baba anayekana anaweza kuitwa, na matunzo ya mtoto yanaweza kudaiwa.

Labda umesoma magazetini kwamba wanaume wengi waliopima wameambiwa si baba. Kumbuka ni akina nani wanaokwenda kupima: ni wale ambao tayari wana mashaka au kesi. Huwezi kuhesabu walioketi wodini kisha ukasema kijiji kizima ni wagonjwa.

6. Desturi, sheria na Kanisa

Kwetu Uluguru mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, lukolo, na mjomba ana sauti kubwa. Desturi hii ina wema wake: hakuna mtoto asiye na kwao. Lakini isiwe kisingizio cha baba kukimbia. Mtoto anahitaji daftari, chakula na mkono wa kumshika, na hayo hayaulizi ukoo.

Wahenga walisema, kitanda hakizai haramu. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inafuata njia hiyo: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa halali, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kwisha huku mama hajaolewa tena, ni mtoto halali wa mume yule, isipokuwa ithibitike kwamba hawakuweza kukutana wakati mimba ilipoweza kutungwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1138, nayo inasema baba ni yule anayeonyeshwa na ndoa halali, mpaka kuwepo ushahidi ulio wazi wa kinyume. Kwa hiyo mwenye kushuku ndiye anayedaiwa ushahidi. Mke hadaiwi kuthibitisha kila siku kwamba hana hatia.

Je, mama asiye na ndoa? Mtoto wake hubatizwa kama wengine. Kanuni ya 877 inasema jina la baba huandikwa katika kitabu cha Ubatizo likithibitishwa na hati ya serikali, au baba mwenyewe akikiri mbele ya paroko na mashahidi wawili. Jina la baba likikosekana, neema ya Ubatizo haipungui.

7. Wakati wa kungoja

Baba mwenye mashaka, tunakuomba haya. Kwanza, njoo kliniki tuhesabu pamoja, tena uje na tarehe zako za safari. Pili, usimpige mkeo. Pigo la tumbo linaweza kubandua kondo la nyuma, na mama na mtoto wakafa saa hiyohiyo. Tatu, hata kama mashaka yako yana msingi, ngoja mtoto azaliwe. Miezi michache si mingi ukilinganisha na uhai wa watu wawili.

Mama, usiache kliniki kwa aibu. Anza kabla ya wiki ya 12, na utimize mahudhurio manane. Hatumwulizi mama cheti cha ndoa ili tumpe vidonge vya damu. Ukitishiwa au ukipigwa, tuambie, au nenda dawati la jinsia la polisi. Na kama kweli kulikuwa na mtu mwingine katika siku zilezile, hesabu ya kalenda haitakusaidia, wala sisi hatutaipinda ili ikusaidie. Usiende kwa wauza mizizi kuitoa. Tumezika akina mama waliofanya hivyo. Tafuta mtu wa kumwambia ukweli: padre, sista, au sisi. Siri yako hatutaitoa nje ya chumba kile. Na kama ulibakwa, huna kosa lolote.

Wauguzi wenzetu, tukiandika wiki kwenye kadi tuongeze sentensi moja: "Baba, hesabu hii inaanza na hedhi ya mwisho, mimba yenyewe ina wiki mbili pungufu." Ni sentensi ya nusu dakika.

Yule mama tuliyemtaja alijifungua salama mwishoni mwa Novemba. Mumewe alikuja na kanga mbili mpya na mkungu wa ndizi wa wodi nzima. Mtoto alibatizwa Noeli. Hatukusikia tena habari ya kipimo, ila yule baba hutuambia kila tukikutana kwamba bado anazo punje nane za mahindi.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Kadi ikisema wiki 16, mtoto ana wiki ngapi hivi tangu kutungwa?

2. Kwa nini altrasaundi ya mwezi wa nane haifai kuwa ushahidi wa siku?

3. Jumuiya yetu inawezaje kumsaidia mama mjamzito aliyefukuzwa nyumbani ili asikose kliniki?

Mungu awabariki, na Mama Maria awaombee wote wanaongoja mtoto.